Mboga ya Bibi Lusewa

Wapo wanawake wanaooneana wivu kwa sababu ya mume, na wapo wanaooneana wivu kwa sababu ya nyumba ya bati jipya. Mimi Theodosia, mjane wa miaka sitini na nane, nilishikwa na wivu kwa sababu ya majani ya maboga. Sasa naweza kulisema hilo na kutabasamu kidogo, lakini wakati ule sikutabasamu hata mara moja. Moyo uliniwaka kama tumbo la mtu aliyekunywa chai ya tangawizi kabla ya kula kitu.

Naishi kwa mwanangu Urban hapa Mjimwema, huu ni mwaka wa sita. Urban anaendesha lori la mahindi, na mkewe Asumpta ni muuguzi. Wana watoto wawili wa kike, Adela wa miaka tisa na Hilda wa miaka mitano. Ni nyumba ya watu wenye haraka. Asubuhi kila mtu anatoka na njia yake, na saa moja jioni wanarudi wamechoka na njaa zao, wala hakuna anayetaka kuambiwa kwamba maharage bado hayajaiva. Kuwalisha ni kazi yangu. Hakuna aliyenipa kazi hiyo; niliichukua mwenyewe siku niliyofika kutoka Hanga, nikaishika kwa mikono miwili. Niliona mapema kwamba mzee anayekaa bure kwa mwanawe anageuka mgeni, na watu huanza kujiuliza mgeni ataondoka lini.

Mwaka huu Kwaresima ilipoanza, Asumpta akaniambia mama yake anakuja. Mama huyo anaitwa Suzana, anatoka Lusewa, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walitarajiwa mjini baada ya Pasaka. Hadi siku hiyo angekaa na sisi.

Nilimpokea vizuri, hilo hakuna wa kunisuta. Alishuka na kiroba cha karanga na kuku mmoja, nikampokea mzigo, nikapiga goti, nikamwandalia maji ya kuoga. Kwetu mzazi mwenzako, yaani mama au baba wa mkwe wako, ni mtu wa heshima kuliko ndugu. Humpandishii sauti, hukatai anachokupa, na humsemi vibaya mbele ya watoto. Mama yangu alinifundisha hayo kabla sijaolewa, nami sikuwahi kuyavunja. Nilikuwa sijapata sababu ya kuyavunja.

Siku tatu za kwanza Suzana alikaa mkekani na mimi nikapika. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ya Kwaresima hatuli nyama. Nilichelewa kurudi kutoka sala za jumuiya, nikakuta maharage magumu kama kokoto na saa kumi na mbili imeshapita.

"Mzazi mwenzangu," akaniita kutoka mkekani, "naomba nikusaidie mboga."

Ningesemaje? Nilishawaambia kwamba mzazi mwenzako humkatalii. Nikamwambia karibu, huku moyoni nikisema atajiunguza na kazi itanirudia.

Hakujiunguza. Aliomba kitu kimoja tu, nimwonyeshe vilipo vitu, kisha nisivihamishe. "Macho yangu yako vidoleni," alisema. Nikamshika mkono, nikamgusisha rafu nzima: maziwa upande wa kushoto, chumvi katikati, na upande wa kulia chidulo. Chidulo ni maji yaliyochujwa kwenye majivu. Sisi huku tunatia kidogo sana kwenye majani magumu ili yalainike. Maziwa na chidulo vyote nilivihifadhi kwenye chupa za maji za lita moja, kama nyumba nyingi zinavyofanya. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hakuna atakayegusa.

Akakaa kwenye kigoda, akamenya nyuzi za majani ya maboga kwa kupapasa, akayakatakata bila kuangalia kisu. Akachemsha maji machache, akatia kifuniko kimoja cha chidulo, akatia majani, kitunguu na karoti. Mimi hapo ningefunika sufuria nikaenda zangu. Yeye akachukua unga wa karanga zake, akauweka bakulini, akaukoroga kwa maziwa baridi hadi ukawa mzito kama uji wa mtoto, ndipo akaumimina juu ya majani na kupunguza mkaa.

"Likolo la karanga ukilifunika linafurika," alisema, akiiita mboga kwa jina la kwetu huku, akikoroga polepole. "Na ukilikimbiza, maziwa yanakatika."

Ilichukua nusu saa, labda chini ya hapo. Walipoingia, ugali ulikuwa umesongwa na mboga imetulia kwenye bakuli, nyeupe na kijani, nzito, ikinukia karanga. Urban ni mtu anayekula kama anayetia mafuta kwenye lori, haongei. Siku hiyo alifuta bakuli kwa tonge la mwisho, akainua kichwa.

"Leo nani kapika?"

Miaka sita nimempikia katika nyumba ile, na miaka ishirini kabla ya hapo, hajawahi kuuliza nani kapika.

Jumatatu Hilda alirudi kutoka shuleni, akanipita mlangoni na begi lake. "Shikamoo Bibi Mjimwema. Leo anapika Bibi Lusewa?" Ndivyo walivyotutofautisha. Nilimwambia marahaba, nikamwambia pia kwamba maharage yapo na yameiva. Akanuna. Adela, ambaye ni mkubwa na ana adabu kidogo, akasema, "Bibi, wewe songa ugali tu, ugali wako ni mzuri." Ugali! Kana kwamba kuna mtu asiyejua kusonga ugali.

Ikawa hivyo. Suzana akipika mboga, mimi ninasonga ugali. Akitia karanga kwenye kabichi, wanafuta bakuli. Akitia kwenye matembele, wanaomba tena. Asumpta alikuwa akirudi kutoka zamu amekunja uso, akionja tu uso unakunjuka, anasema, "Hii ndiyo ya utotoni." Halafu ananigeukia mimi kwa upole: "Na wewe Mama, angalau unapumzika."

Neno hilo la kupumzika lilinichoma kuliko kama angenitukana. Ng'ombe aliyezeeka ndiye anayepumzishwa, na mnajua baada ya hapo anapelekwa wapi.

Siku moja Suzana alikuwa na homa, nikasema leo ni leo. Nikapika mboga ileile, karanga zilezile, maziwa yaleyale. Lakini nikaona nimzidi kidogo, nikatia nyanya nne zilizoiva. Maziwa yalipokutana na nyanya yakakatika, yakawa mapande yanayoelea kwenye maji mekundu. Watoto walikula kimya. Suzana aliletewa sahani yake kitandani, akala yote, akasema, "Tamu, mzazi mwenzangu." Afadhali angesema mbaya. Ningeweza kumwuliza nilikosea wapi, naye angeniambia bila kunicheka, lakini ulimi wangu ulikataa katakata.

Nikaanza kumchukia vitu vidogo. Jinsi anavyokohoa. Jinsi anavyotafuta mlango kwa kiganja. Jinsi Hilda anavyomshika kidole kumpeleka chooni, wakati mimi nikimwita Hilda aniletee kijiko anasema anakuja na haji.

Wiki mbili kabla ya Pasaka nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, Urban na mkewe wako barazani hawanioni. Asumpta alisema, "Hata akishapasuliwa nataka mama yangu abaki. Watoto wamemzoea. Na Mama naye atapata nafasi ya kwenda Hanga kuangalia nyumba yake." Urban akajibu kitu sikukisikia. Sikuhitaji kukisikia. Mimi nilikuwa nimeshasikia Hanga.

Nyumba yangu ya Hanga ina vyumba viwili na popo. Jirani ananitunzia ufunguo. Nilijiona nimekaa pale kizingitini na sufuria ndogo ya mtu mmoja, na huku Mjimwema bakuli likifutwa kwa tonge la mwisho na mtu akiuliza nani kapika. Nililia kwenye shuka lililolowa, nikalianika.

Alhamisi iliyofuata, Suzana alipokuwa akioga, nikaingia jikoni. Nikachukua chupa ya maziwa nikaiweka kulia, nikachukua chupa ya chidulo nikaiweka kushoto. Ni kazi ya kupumua mara mbili. Hakuna kilichodondoka, hakuna aliyeona.

Jioni nilisimama mlangoni mwa jiko. Alichemsha maji, akapapasa kulia, akatia kifuniko kimoja cha maziwa akidhani ni chidulo. Akatia majani. Akaweka unga wa karanga bakulini, akapeleka mkono kushoto, akamimina chidulo, nusu chupa nzima, akakoroga. Nilikuwa na muda wa kusema. Ningeweza kusema "ngoja" na kusingizia kwamba mtoto alichezea rafu, tukacheka, yakaisha. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Kisha mvua ikaanza kudondoka, nami nikakimbilia nguo kwenye kamba kama mtu aliyeokolewa.

Tukakaa mezani. Adela akachovya tonge, akatafuna, akatema mkononi. Hilda akaanza kulia kwamba ulimi unamwasha. Urban akaweka tonge lake pembeni taratibu. Asumpta akaonja kwa ncha ya kidole, akainuka, akaenda jikoni na kurudi na chupa mbili.

"Mama, umekorogea karanga kwa chidulo. Hizi chupa umezichanganya."

Suzana aliinamisha kichwa. "Nimezichanganya, mwanangu."

Sitadanganya. Nilifurahi. Furaha ilinipanda hadi masikioni, nikainama nikajifanya natafuta kijiko. Nikaenda kuwakaangia watoto mayai, na nilipoyaleta Hilda akasema, "Asante Bibi," nikaona dunia imerudi mahali pake.

Lakini Asumpta hakuwa ameondoka mezani. Alikuwa ameshika mkono wa mama yake na machozi yanamtoka. "Macho yake ni hayohayo tangu mwaka juzi," alimwambia mumewe, "na hajawahi kukosea chupa. Mimi ni muuguzi, nawaona wazee kila siku. Hayo siyo macho, Baba Adela. Mama ameanza kusahau." Akamgeukia mama yake, akaongea polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayeongea na mtoto. "Mama. Hutarudi tena Lusewa kukaa peke yako na moto. Utakaa hapa. Na jikoni usiingie tena. Umenielewa, Mama?"

"Nimekuelewa," alisema Suzana.

"Na wewe Mama," Asumpta akaniambia mimi, "usituache. Bila wewe nyumba hii itakula nini?"

Kwa hiyo nililipata jiko langu, lote, na hakuna aliyetaja Hanga tena.

Asubuhi, walipoondoka wote, nilimpelekea Suzana uji. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Kaa, mzazi mwenzangu," alisema. Nikakaa. Akanywa kidogo, akashusha kikombe. "Jana nilionja."

Nikaanza kukunja shuka lake.

"Mpishi gani anapakua bila kuonja? Nilitia kiganjani nikaonja, nikajua ni chidulo. Na nikajua sikukosea mimi, maana mkono wangu ulikwenda kushoto."

"Sasa kwa nini ulipakua?" Sauti yangu ilitoka kali, kana kwamba yeye ndiye mkosaji.

"Nilikuwa nimezisikia kandambili zako mlangoni. Nikajua umesimama pale. Nikasema ngoja, atasema. Ukaenda kuanua nguo. Nikasema haya, atarudi aseme. Ukarudi, ukasonga ugali."

"Ungewaambia mezani."

"Niwaambie nini? Watoto wakuangalieje?" Alipapasa kikombe chake akakipata. "Mimi nimekuja kutibiwa macho. Jiko lako sikulitaka. Ila kukaa bure kwa mkwe ni aibu, unaona kila tonge unalokula watu wanalitazama. Nikasema angalau niwapikie. Ningejua linakuuma ningefagia uwanja."

Nilichukua kikombe kabla hajamaliza uji na kutoka. Mnadhani nilijuta? Nilikasirika. Nilimwonea wivu upya, safari hii kwa sababu ya mdomo wake. Mimi nisingeweza kunyamaza namna ile. Ningekuwa yeye ningezunguka nyumba zote za Mjimwema nikitangaza. Hata kwenye wema alinizidi, na tena bila kutumia nguvu.

Nilisema jioni hiyo nitamwambia Asumpta. Asumpta aliporudi, Hilda alitoka mbio na daftari lake, nikafungua mikono, akanipita akaenda kumkumbatia Suzana. Mdomo wangu ukajifunga wenyewe. Nikasema chakula tayari.

Siku zikaenda hivyo. Niliwapikia mboga ya karanga na maziwa, bila nyanya, nikikoroga polepole bila kufunika, na ilitoka vizuri. Walikula, wakanisifu. Suzana alikaa mkekani. Asumpta alianza kumwuliza maswali ya majaribio: Mama, leo ni siku gani? Mama, mimi ni mtoto wako wa ngapi? Suzana alijibu yote sawasawa, na Asumpta alitikisa kichwa kwa huruma kana kwamba mama yake amebahatisha tu. Akamwondolea kisu alichokuwa akimenyea miwa. Akawakataza watoto wasitumwe na Bibi Lusewa dukani, maana huenda amewatuma mara mbili. Adela akaanza kumjibu kwa sauti ileile kubwa ya polepole aliyoisikia kwa mama yake. Suzana aliitikia kila kitu. Ugali wake aliula kidogo kidogo, na akaacha kuomba mboga zaidi.

Baada ya Pasaka madaktari walikuja, akapasuliwa jicho la kulia. Walipotoa bandeji alituangalia mmoja mmoja. Kwa Hilda alicheka: "Kumbe una mwanya!" Akamwangalia Urban, akamwangalia Asumpta, akamshika shavu. Mimi alinitazama muda mrefu kidogo, akasema, "Ndiyo wewe, mzazi mwenzangu," basi. Nyumba nzima ilifurahi. Mimi nikasema moyoni, sasa yamekwisha, anaona, atarudi jikoni mwenyewe, na siri itakufa bila mtu kuizika.

Wiki zikapita, daktari akamruhusu shughuli zake. Jumamosi moja jioni nilikuwa namenya majani ya maboga. Asumpta alikuwa nyumbani siku hiyo, yuko sebuleni anawasuka watoto, na Urban yuko nje anaosha lori. Suzana akaja akasimama nje ya jiko. Aliitazama rafu, kushoto na kulia. Alivitazama vidole vyangu vinavyovuta nyuzi, na nikaona vyake vinajikunja vyenyewe, vinatamani.

"Karibu ndani," nilimwambia. "Njoo ukae, tusaidiane."

Hakusogea. Miguu yake ilikuwa imepangwa nje ya kizingiti kama ya mtoto aliyekatazwa.

"Unaona sasa," nikasema. "Njoo."

"Macho naona," alisema Suzana. "Lakini mwanangu anasema nimeanza kusahau. Jana usiku nimejiuliza mwenyewe, labda ni kweli. Labda mkono wangu haukwenda kushoto."

Alisema hivyo bila kunitega. Niliutazama uso wake nikitafuta mtego, maana ningefurahi kuukuta, lakini haukuwapo. Mwanamke yule alikuwa ameanza kutilia shaka kichwa chake kwa sababu yangu.

Kutoka sebuleni nilisikia Hilda akicheka. Nilijua nikisema, kicheko hicho hakitakuwa changu tena kwa muda mrefu, labda kamwe. Nilijua Asumpta atanyamaza kwa namna yake, na Urban atatazama chini, na Hanga itatajwa, safari hii na mimi nimesimama mbele yao. Na jiko hili, na bakuli, na mboga laini ya jioni, vyote vitakuwa vya huyu aliyesimama nje ya kizingiti. Wivu ulikuwepo bado. Ulikaa kifuani pale pale, mzito, haukupungua hata kidogo.

Nikaweka majani chini, nikafuta mikono kwenye kanga.

"Asumpta!" niliita. Niliita kwa sauti kubwa, majirani wasikie wakitaka, ili nisipate pa kurudi nyuma. "Acha hizo nywele, uje jikoni. Na mwambie Urban naye aje."